Toleo Lililoidhinishwa: Uhakiki wa Neno Moja katika Leseni Huria ya Michezo ya Uhusika

Historia ya leseni huria katika michezo ya uhusika ya mezani husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha kampuni kubwa iliyoshindwa nguvu na wachezaji wake. Kisa hicho kinapendeza, na kwa kiasi kikubwa ni cha kweli. Hata hivyo, kinaliacha kando swali ambalo mtafiti wa lugha hana budi kuanza nalo: ni maneno gani hasa yaliyoiwezesha ahadi ya mwaka 2000 kutiliwa shaka mwaka 2023? Makala hii inaisoma leseni yenyewe kama matini, na inadai kwamba tamaa ya biashara ilipata mlango kwa sababu waandishi wa leseni waliuacha wazi.

Mchezo wa uhusika wa mezani ni usimulizi wa pamoja. Msimamizi huueleza ulimwengu wa kubuni, kila mchezaji husema mhusika wake anatenda nini, na pale penye shaka dadu ndilo huamua. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyochapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, ndiyo iliyoipa aina hii ya mchezo soko. TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, nayo Wizards ikachukuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Sheria ya Marekani inatenganisha njia ya kutenda jambo na maneno yanayoieleza njia hiyo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika shauri la Baker dhidi ya Selden, mwaka 1879, lililohusu kitabu cha utunzaji wa hesabu, imekubalika kwamba hakimiliki hulinda maelezo na si utaratibu unaoelezwa. Kwa mantiki hiyo, kanuni ya kurusha dadu la pande ishirini na kujumlisha namba si mali ya mtu. Aya inayoifafanua ndiyo yenye mwenyewe. Lakini kanuni za mchezo huishi ndani ya maneno, na mpaka kati ya viwili hivyo hauonekani kwa urahisi. Mchapishaji mdogo asiye na fedha za wakili huogopa kuukaribia.

Leseni ya mwaka 2000, iliyosukumwa mbele na Ryan Dancey kwa kuiga mfano wa programu huria, ilikuja kuiondoa hofu hiyo. Iligawa kila kitabu sehemu mbili: maudhui huria, ambayo yeyote angeweza kuyanakili, kuyabadilisha na kuyauza bila mrabaha, na utambulisho wa bidhaa, yaani majina, wahusika na nembo zilizobaki kwa mwenyewe. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, na unastahili sifa kuliko unavyopewa. Wizards yenyewe ilipotoa toleo la nne mwaka 2008 chini ya leseni nyingine yenye masharti makali zaidi, kampuni ya Paizo iliendelea kutumia maudhui ya toleo la tatu, na mwaka 2009 ikatoa Pathfinder, mshindani wa kweli. Ahadi ilikuwa imembana hata aliyeitoa.

Udhaifu ulikuwa katika kifungu cha 9. Kifungu hicho kinairuhusu Wizards kutoa matoleo mapya ya leseni, kisha kinampa mtumiaji hiari ya kutumia toleo lolote la leseni ambalo ni “authorized”. Kwa zaidi ya miaka ishirini neno hilo lilisomwa kama pambo. Maelezo ya maswali na majibu yaliyotolewa na Wizards yenyewe yaliwahakikishia watu kwamba, kama toleo jipya lisingewapendeza, wangeweza kubaki na la zamani. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya iliyotangaza kwamba toleo la zamani halina tena idhini, na iliyodai mrabaha wa asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Watu walioajiri wahariri na wachoraji kwa kuitegemea ahadi ile walijikuta wanabishana kuhusu sarufi.

Ubishi huo ulikuwa na msingi. Umbo la Kiingereza halisemi kama idhini ni tukio lililokwisha kutokea au ni hali inayopaswa kuendelea. Likisomwa kama tukio, toleo lililopata idhini mwaka 2000 haliwezi kurudi nyuma likawa halikuipata. Likisomwa kama hali, idhini ni kama taa: aliyeiwasha anaweza kuizima. Leseni haikutaja utaratibu wowote wa kuizima; njia pekee ya ukomo iliyoandikwa, katika kifungu cha 13, inamhusu mtumiaji aliyevunja masharti na asirekebishe kosa ndani ya siku 30. Ukimya huo unaupa usomaji wa kwanza nguvu, ila haukatai wa pili kwa tamko.

Hapa Kiswahili kinatoa mwanga. “Toleo lililoidhinishwa” linaonekana kuwa tafsiri salama, kumbe limebeba utata uleule. Kwa kuwa kiambishi -me- hakipokei kirejeshi ndani ya kitenzi katika Kiswahili sanifu, umbo la -li- hubeba maana mbili kwa pamoja. Mtafsiri anayetumia “amba-” hulazimika kuchagua: “ambalo liliidhinishwa” huliweka tukio katika wakati uliopita, “ambalo limeidhinishwa” huielekeza akili kwenye hali iliyopo sasa, na “lenye idhini” haligusi tukio kabisa. Mwandishi wa leseni angelazimishwa kuchagua hivyo mwaka 2000, huenda angegundua kwamba hakuwa ameamua.

Kasoro ya pili inafanana na hiyo. Leseni ilijiita ya kudumu, na wengi wakadhani hilo linatosha. Kudumu ni kutokuwa na tarehe ya mwisho. Mgeni aliyeambiwa akae apendavyo bado anaweza kuombwa aondoke. Neno la kuzuia utenguzi halikuwamo.

Hakuna mahakama iliyotoa uamuzi. Upinzani ulikuwa mkubwa, na tarehe 27 Januari 2023 Wizards iliacha mpango wake, ikayaweka maudhui ya msingi ya toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, toleo la 4.0. Paizo na wenzake nao walikamilisha leseni yao ya ORC katikati ya mwaka huo. Anayeuita mwisho huo ushindi wa leseni ya mwaka 2000 anakosea: soko ndilo lililoshinda, na kifungu cha 9 kimebaki na utata wake.

Jambo hili haliko mbali na kanda hii. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania, na taasisi zinazotoa kamusi, istilahi na rekodi za sauti kwa matumizi huria zitahitaji leseni zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Leseni ya Creative Commons iliyotajwa inatamka wazi kwamba ruhusa yake haitenguliwi na mtoaji. Tafsiri ya neno hilo haipaswi kuachwa kwa mazoea. “Isiyotenguka”, kwa kauli ya kutendeka, haimtaji mtenguaji na inaweza kueleweka kama kitu kisicholegea chenyewe. “Isiyotenguliwa” inaeleza desturi. “Ambayo mtoaji hawezi kuitengua” ni ndefu na haina mvuto, lakini inamtaja anayefungwa mikono.