Kufuli la 2007

Kerneli ya Linux 6.12 ilipotoka Novemba 2024 ikiwa na sched_ext ndani yake, yaani uwezo wa kupakia skejula yako mwenyewe ya kupanga zamu za kichakataji, wengi walishangilia. Mimi nilikunja uso. Kitu kile kiliombwa 2004, kikaombwa tena 2007, kikakataliwa kwa hoja ambazo leo hazina watetezi wengi. Mnaofuatilia safu hii mnajua msimamo wangu, na aliyechoka kuusikia anivumilie kidogo: Aprili 2007 wakuu wa kerneli walikosea, tena walikosea wakiwa na jibu mkononi.

Turudishe mkanda nyuma. Skejula ya O(1) ilikuwa imeshawachosha watu kwa ubashiri wake, inatazama thredi imelala kwa muda gani halafu inakisia kama kuna binadamu anayeisubiri. Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Melbourne ambaye hakuajiriwa na kampuni yoyote kuandika kerneli, Machi 2007 akaleta RSDL, baadaye SD: kila thredi ipewe zamu yake kwa haki, ubashiri ufutwe. Pembeni kulikuwa na plugsched aliyoianzisha mwenyewe 2004 na Peter Williams akaiendeleza. Humo skejula ilichaguliwa wakati wa kuwasha mashine. Unataka hii, unawasha na hii. Unataka ile, haya.

Ijumaa ya tarehe 13 Aprili mwendelezaji wa kerneli Ingo Molnar akatuma CFS, skejula yake mwenyewe ya zamu za haki. Kwa maelezo yake mwenyewe aliiandika kwa saa 62, na alimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyeonyesha kwamba kupanga zamu kwa haki kunawezekana. Kwenye ule mti mwekundu-mweusi wake sina neno, kazi ilikuwa safi.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa ndipo mchezo ulipoharibika. Kichwa cha tangazo la kiraka kile hakikuanza na CFS. Kilianza kwa kutangaza kiini cha skejula chenye moduli. Vilikuja vitu viwili kwa pamoja, na watu wote wakakodolea macho kimoja. Cha pili ni struct sched_class, jedwali la vielekezi vya kazi: enqueue_task, dequeue_task, pick_next_task, put_prev_task, task_tick na wenzake. Kiini hakijui nani anapanga zamu wala kwa kanuni gani, kinaita tu kilichomo kwenye jedwali. Ukijaza jedwali, una skejula. Kiolesura kizuri kuliko plugsched, nasema hivyo bila kinyongo.

Halafu fungua kernel/sched.c ya 2.6.23. Utakuta #include ya sched_idletask.c, ya sched_fair.c na ya sched_rt.c. Faili za .c zinaingizwa ndani ya faili nyingine ya .c! Hiyo ni moduli ya namna gani? Tafuta kazi ya kusajili darasa jipya, hakuna. Tafuta ya kuliondoa, hakuna. Darasa la rt lina kielekezi cha next kinachokwenda kwa fair, cha fair kinakwenda kwa idle, cha idle kinaishia NULL, mnyororo umefungwa ndani ya msimbo wenyewe. Mwaka 2020 hata next ikaondolewa, mpangilio ukaachiwa linka. Walijenga mlango, wakaupaka rangi, wakapiga kufuli na kubaki na ufunguo. Na aliyepiga kufuli hilo ni Molnar, yuleyule aliyekuwa mstari wa mbele kuipinga plugsched.

Hoja za waliopinga tunazijua. Ya kwanza, skejula nyingi zinagawa wapimaji: kila mwenye tatizo ataambiwa ajaribu nyingine, na ile ya msingi haitengenezwi. Hii ina uzito, naikubali. Ya pili, ya Linus Torvalds, ndiyo inayonikera mpaka leo: kwamba skejula, tofauti na moduli za usalama, hupimika kwa namba, kwa hiyo iliyo bora itajulikana. Kwa mzigo wa nani? Anayepima kwa kukompaili kerneli kwenye mashine yenye viini vingi anapata namba za mashine yenye viini vingi. Kishale kinachosita nusu sekunde kwenye kompyuta kuukuu hakina safu katika jedwali lake. Nimelisema hili tangu enzi za O(1), na nitaendelea kulisema.

Kerneli hiyohiyo, miaka hiyohiyo, ilikuwa imeshakubali uchaguzi wa namna hii kwingine. Tangu 2.6.10 skejula ya diski ilibadilishwa mashine ikiwa kazini, kwa kuandika jina lake tu kwenye /sys/block/sda/queue/scheduler. Tangu 2.6.13 kanuni za TCP za kudhibiti msongamano zikawa moduli. Dunia haikuanguka. Na wazee wa Solaris walishafika huko zamani: madarasa ya zamu yanakaa kwenye /kernel/sched, kila moja moduli yake, TS, FX na wenzao, na dispadmin -l inakuorodheshea yaliyopo. Huko FreeBSD, Jeff Roberson alileta ULE mwaka 2003, ikakaa bega kwa bega na 4BSD kwa miaka bila kugombana. Ukirudi nyuma zaidi, watu wa mfumo wa Hydra waliandika mwaka 1975 kwamba sera itenganishwe na utaratibu wa kuitekeleza. Hakuna aliyekuwa anavumbua kitu 2007.

Na mgawanyiko ule waliouogopa ulitokea vilevile, ila nje ya uzio. Kolivas aliacha Julai 2007, akarudi 2009 na skejula ya BFS, kisha MuQSS, zote nje ya kerneli kuu. Mwaka 2016 Lozi na wenzake wakachapisha utafiti ulioonyesha viini vikikaa bure huku thredi zikisubiri foleni, ndani ya ile skejula moja iliyopaswa kufaidi macho ya wote.

Hapa Chamwino Linux haikai kwenye seva tu, iko kwenye simu ya wakala wa miamala pale stendi. Simu hizo zina viini vikubwa na vidogo, na kuamua thredi iende wapi ndiko kunakoamua betri itafika jioni au la. Anayechaji kwa kulipia kibandani anauelewa uzito wa jambo hilo. Upangaji unaojali nishati uliingia kerneli kuu toleo 5.0, mwaka 2019, na kabla ya hapo watengenezaji wa simu walikuwa na viraka vyao. Qualcomm ina chake, WALT. Google ililazimika kutoboa ndoano za watengenezaji ndani ya kerneli ya Android ili moduli zao zichomeke kwenye skejula. Ndoano za nini, wakati jedwali lipo tangu 2007?

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka uleule wa CFS. Kwa miaka yote hiyo mwanafunzi wa CIVE, ndaki yake ya Informatiki, aliyetaka kujaribu skejula yake ilimbidi akompaili kerneli nzima, awashe mashine upya, na aombe Mungu isigande.

Sched_ext yenyewe imefanywa vizuri: Tejun Heo na David Vernet wa Meta waliileta mwishoni mwa 2022, unaandika select_cpu, enqueue na dispatch kwa BPF, kikaguzi kinakagua, na thredi ikikaa sekunde 30 bila kupewa zamu kerneli inaitupa skejula yako na kurudi kwenye ya kawaida. Peter Zijlstra alipinga kwa hoja zilezile za 2007. Safari hii, katikati ya 2024, Torvalds akaamua iingie. Lawama yangu ni moja: kwenye 6.12 skejula inayopakiwa ni moja tu kwa wakati, na darasa la ext limewekwa chini ya fair. Kolivas asingeridhika.

Mwenye 6.12 au zaidi asome /sys/kernel/sched_ext/state. Kama faili haipo, CONFIG_SCHED_CLASS_EXT haikuwashwa, wasumbueni waliowakompailia. Ikisema disabled, pakia scx_simple, ibadilishe, iharibu kwa makusudi uone kerneli inavyoifukuza. Na wahadhiri wa CIVE, tafadhali, liwekeni zoezi hili kwenye maabara muhula ujao. Kukompaili kerneli nzima si sharti tena.