Mpini si Mshiko: Kuhusu Kanuni za Silaha katika Mchezo wa Vitara

Kiswahili hakikosi maneno ya silaha. Tunao upanga, kitara, jambia na sime. Tunayo ala, tunao mpini. Hata hivyo, mfasiri anayeketi kufasiri kanuni za vifaa za shirikisho la kimataifa la mchezo wa vitara, lililoundwa Paris mwaka 1913, hujikwaa mapema, tena penye sehemu ndogo ya silaha: pale mkono unaposhika. Wala jambo hili si la watu wa mbali tu. Mwaka 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Alexandra Ndolo alishindana kwa epee chini ya bendera ya Kenya, na walimu wa michezo hawana budi kutarajia maswali.

(Jina la mchezo wenyewe twaliacha lilivyo, ingawa kitara ni upanga uliopinda, hali floreti na epee zimenyooka. Saberi peke yake ndiyo yenye nasaba na jina hilo.)

Neno linalomjia mfasiri upesi ni "mshikio". Limezoeleka kwa birika, mlango na ndoo, na halina kosa huko. Lakini Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kinachoshikwa na kwa namna ya kukishika, na mfasiri aliyelelewa na Kiingereza hulibeba neno hilo pamoja na utata wake. Kanuni, kwa upande wake, zahukumu mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kitu: mpini wa floreti au epee usizidi sentimeta 20, wa saberi usizidi 17, nao upite katika kipimo kilekile kinachopitisha kinga ya mkono. La pili ni mkono: mpini wenye umbo la pekee linalouthibitisha mkono mahali pake uuwekee mkono mkao mmoja tu, na mkono ukiwa katika mkao huo, ncha ya kidole gumba kilichonyooshwa isiwe mbali na uso wa ndani wa kinga kwa zaidi ya sentimeta 2. Tukiandika "mshikio" kotekote, tutapata kanuni isemayo kwamba mshikio uweke mshikio mmoja. Mkaguzi wa silaha atafanya nini na sentensi hiyo? Twapendekeza "mpini" kwa kitu na "mshiko" kwa tendo la mkono, bila kuchanganya.

Tofauti hii ina haki ndani yake. Mwenye mpini ulionyooka, uitwao wa Kifaransa, aweza kuusogeza mkono nyuma hadi kwenye kifundo cha mwisho, akajipatia urefu na kupoteza uthabiti. Mwenye mpini wa umbo la vidole amekwisha pata uthabiti. Kanuni yamnyima urefu. Mpini huu wa pili huitwa kwa lugha za Ulaya kwa jina lililotoka katika utabibu wa mifupa, nasi tungesikitika kuona "mpini wa tiba ya mifupa" katika waraka wa serikali. "Mpini maalumu" nao hausemi kitu. "Mpini wa mshiko mmoja" watamka sharti lenyewe, na mchezaji akilisikia jina ameisikia kanuni.

Kuhusu kinga ya mkono, Kifaransa chaiita kwa jina la gamba la konokono au la chaza, na Kiswahili kina "kombe" lenye maana ileile. Lingefaa sana, kama si kwamba katika uwanja wa michezo kombe ni la kushindaniwa. Twabaki na "kinga", japo kanuni nyingine yakataza mpini kuwa na kifaa chochote cha kuongeza kinga ya mkono. Hapo mfasiri na aandike "kuuhifadhi mkono".

Lililo zito zaidi ni kitenzi. Wengi huandika "kurekebisha mpini". Kurekebisha ni kuweka sawa kilichoharibika. Neno hilo limekwisha toa ruhusa kabla kanuni haijasema. Kanuni ya epee yakataza mpini wa mshiko mmoja, uwe wa chuma au usiwe wa chuma, kufunikwa kwa ngozi au kwa kitu chochote kiwezacho kuficha nyaya au swichi. Anayekumbuka Montreal mwaka 1976 ataona uzito wake: Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti, katika pentathloni ya kisasa, alipopambana na Jim Fox wa Uingereza, taa iliwaka bila ya mguso. Silaha ilipochunguzwa, ikaonekana ina swichi ya siri, naye akaondolewa mashindanoni.

Kwa hiyo mfasiri asiandike "mpini usifunikwe" akaishia hapo. Akifanya hivyo, atamkataza hata mwenye floreti aliyezungushia mpini wake ngozi kwa sababu ya jasho, jambo ambalo katazo hili halikuligusa. Kitenzi kiwe "kufunika", silaha itajwe kuwa epee, mpini utajwe kuwa wa mshiko mmoja, na kishazi cha nyaya na swichi kisiachwe, hata kama sentensi itarefuka.