Kisanduku Kinachojibu Mkono

Mtu akichomeka gita kwa mara ya kwanza kwenye kiigizi cha amplifaya, kile kisanduku cha kidijitali kinachokaa sakafuni kama pedali, mara nyingi huvaa hedifoni, akapitia sauti zilizopangwa kiwandani moja baada ya nyingine, na muda si mrefu ameshatoa hukumu. Hukumu hiyo haina uzito, na sababu yake inajulikana tangu 1933, pale Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walipochapisha vipimo vyao vya usikivu. Walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi na ncha kali mapema kuliko linavyopoteza sauti za kati. Sauti iliyopangwa ivutie kwa hedifoni, kwa kunong'ona, huwa imeongezwa besi na ukali ili kuziba pengo hilo. Ipeleke jukwaani kwa nguvu kamili uone: besi inavuma, ukali unachoma, na gita linamezwa na ngoma. Mpigaji anarudisha kisanduku dukani akisema ni cha bandia, kumbe alichokipima ni ladha ya aliyepanga sauti zile. Ufundi wenyewe hajaugusa. Nashikilia kwamba ufundi huo unatambuliwa kwanza na mkono, sikio likifuata nyuma, kwa kuwa kilichoigwa, pale kazi ilipofanywa vizuri, ni namna amplifaya inavyomjibu anayeipiga.

Ili kuona ugumu wa kazi hiyo inabidi kurudi kwenye chombo cha zamani. Amplifaya kama Fender Deluxe Reverb hutumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya sanduku la mbao, na mojawapo, GZ34, kazi yake ni kugeuza mkondo geu wa umeme kuwa mkondo mnyoofu. Uzi ukikung'utwa kwa nguvu, valvu za mwisho hudai umeme mwingi kwa ghafla, na GZ34 haiwahi kuuleta wote. Volteji inashuka kidogo, mwanzo wa noti unabanwa, kisha volteji inarejea na noti inachanua mkononi mwa mpigaji. Mhandisi wa umeme aliyefundishwa kutafuta usahihi angeiita hiyo kasoro. Ndivyo ilivyo pia kwa vibonye vya kuzungusha vya besi, kati na ukali kwenye Marshall: vyote vinagawana njia moja ya umeme, kwa hiyo ukizungusha kimoja umevisogeza na vingine. Vox AC30 nayo ina kibonye cha kukata ukali kinachokwenda kinyume na mazoea, kwani kadiri unavyokipandisha ndivyo sauti inavyofifia juu. Wapigaji wa miaka ya 1960 hawakuomba mambo haya. Waliyakuta, wakajifunza kuyachezea, na vidole vyao vikajipanga kuyafuata. Ndiyo maana mpigaji mzuri wa Marshall hupunguza volumu ya gita lenyewe kutoka 10 hadi 4, bila kugusa amplifaya, na mkwaruzo wote unatakata ukawa sauti safi yenye makali kidogo pembeni.

Fikiria sasa mtu anayetaka kuyatia hayo yote ndani ya kisanduku kisichofika kilo moja, wakati AC30 peke yake inapita kilo 30. Iridium, iliyotolewa 2019 na kampuni ya Strymon ya California, ni mfano mzuri kwa sababu haijifichi nyuma ya wingi. Haina kioo cha kuonyesha orodha. Ina vibonye sita vya kuzungusha na amplifaya tatu tu, zile zile nilizozitaja: Deluxe Reverb, AC30 na Marshall. Mwenye kuiunda hawezi kurekodi sauti ya amplifaya akaihifadhi tu, maana noti ya mpigaji wa kesho haijapigwa bado. Lazima aandike tabia: volteji ikiwa hivi na ishara ikiingia hivi, valvu hii itapitisha kiasi gani, na kiasi hicho kitaiathiri vipi valvu inayofuata. Wengine wamechukua njia tofauti. Christoph Kemper wa Ujerumani alileta mashine inayoituma milio maalumu ndani ya amplifaya halisi, ikasikiliza kinachotoka, ikajinoa hadi ifanane. Steven Atkinson ametoa bure programu ya Neural Amp Modeler, ambayo hufundisha mtandao wa neva kutokana na rekodi ya dakika chache ya kilichoingia na kilichotoka. Njia hii hunasa kwa uaminifu wa kushangaza, ila kwa kawaida hunasa amplifaya ikiwa imetulia kwenye mpangilio mmoja. Ukitaka kibonye cha besi kikivute na kile cha kati kama kwenye chombo chenyewe, bado kuna thamani kubwa katika kazi ya polepole ya anayepima rezista na kapasita moja moja. Mimi naipenda zaidi kazi hiyo ya polepole, kwa sababu inamlazimu fundi kuelewa kasoro kabla ya kuihifadhi.

Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi hayatambui kwa urahisi na ndiyo yanayotenga kazi nzuri na mbaya. La kwanza ni kuchelewa. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kinachochelewa milisekunde 3 kimemweka mpigaji umbali wa mita moja tu kutoka kwenye spika, na hakuna mpigaji aliyewahi kulalamika kwamba spika iko mita moja nyuma yake. Hesabu zote za valvu zinapaswa kuisha ndani ya mwanya huo. La pili ni gumu zaidi. Mkwaruzo huzaa masafa mapya ya juu ambayo hayakuwamo kwenye uzi, na kisanduku kinachochukua sampuli 48,000 kwa sekunde hakiwezi kubeba masafa yanayozidi mizunguko 24,000. Yanayozidi hayapotei. Hujikunja yakarudi chini yakiwa milio ya uongo isiyo na undugu na noti. Tiba yake ni kufanya hesabu kwa kasi mara kadhaa ya hiyo, kuchuja yasiyotakiwa, ndipo kurudi kwenye kasi ya kawaida, na yote hayo hula nguvu ya kichakataji. Anayetaka kujua kama fundi alikuwa mwaminifu hana haja ya vipimo. Apandishe mkwaruzo, apige noti ya juu kabisa kwenye uzi mwembamba, kisha auvute uzi taratibu ili noti ipande. Akisikia mluzi hafifu ukishuka wakati noti inapanda, huo ndio mlio wa uongo, na kisanduku kimejianika.

Wapo watakaosema kwamba hata kikifaulu mtihani huo, kuiga ni kuiga, na sifa zote ni za waliobuni valvu. Historia ya amplifaya zenyewe inawajibu. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall huko Hanwell, London, lilikuwa na wateja waliotaka Fender Bassman, chombo cha Kimarekani kilichokuwa ghali mno Uingereza. Mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven waliuchukua mchoro wa umeme wa Bassman wakaujenga upya karibu ulivyo, kwa vipuri walivyoweza kuvipata, na sauti wakaipitisha kwenye spika nne za Celestion ndani ya sanduku lililofungwa nyuma. Bassman ilikuwa na spika nne za Jensen kwenye sanduku lililo wazi nyuma. Chombo kilichotoka, JTM45, kilikuwa nakala kwa nia, lakini kilinguruma kwa namna ambayo Bassman haikuwahi, na nusu ya muziki wa roki wa Uingereza ikasimama juu yake. Anayemheshimu Marshall hawezi kumdharau mwigaji wa leo kwa sababu ya kuiga. Anaweza kumdharau kwa kuiga vibaya, na hapo tutakuwa pamoja.

Mara nyingi majaribio ya visanduku hivi hufanywa kwa mkwaruzo mzito wa roki. Naona huo ni mtihani mwepesi, maana mkwaruzo hufunika mengi. Mtihani mkali uko kwenye gita la solo la rumba ya Kongo, benga ya Kenya au dansi la Tanzania, ambako sauti ni safi, noti ni fupi na zinamiminika kwa kasi, na hakuna pa kujificha. Katika sebene, ile sehemu ya wimbo ambako magita hutawala, gita la solo likipanda juu huku magita ya rithimu na mi-solo yakizunguka chini yake, kila noti lazima iwe na kichwa chake, iruke, kisha ipishe inayofuata. Kisanduku kibovu hapa hutoa noti bapa: zinalingana kwa ukubwa, lakini hazina mshtuko wa mwanzo wala ule mbano mdogo ambao valvu huutoa hata kabla ya mkwaruzo kuanza. Kisanduku kizuri hutofautisha kidole gumba na ncha ya pliki, na hutofautisha mpigaji aliye karibu na daraja la gita na yule aliye karibu na shingo. Kwa wanamuziki wa dansi kuna faida nyingine. Kwa miaka mingi vyombo vya bendi vimekuwa mali ya mwenye bendi, na mpiga gita amepiga kwenye amplifaya yoyote aliyoikuta. Mwenye kisanduku kwenye mfuko wa gita anamkabidhi fundi mitambo waya mmoja uende kwenye mikisa, na sauti aliyoitengeneza nyumbani ndiyo itakayotoka ukumbini.

Pingamizi lililobaki lina ukweli ndani yake. Amplifaya yenye spika kubwa husukuma hewa, hewa hiyo hulitikisa gita lenyewe, na noti hujilisha hadi ikaimba bila kukoma. Hedifoni haziwezi hilo, na kisanduku kilichounganishwa na mikisa hakiwezi mpaka kipatiwe spika yenye nguvu karibu na mpigaji. Anayeishi kwa mwimbo huo wa noti isiyokoma asiuze amplifaya yake. Lakini ikumbukwe kwamba hata zamani wasikilizaji wa redio na sahani za santuri hawakuisikia hewa hiyo. Walisikia kile kilichonaswa na maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika, na hicho hasa ndicho kisanduku hutoa: amplifaya, spika, maikrofoni na chumba, vikiwa kitu kimoja. Anayekilinganisha na amplifaya iliyo mgongoni mwake analinganisha vitu viwili tofauti. Akilinganishe na rekodi.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuiondolea nguvu. Deluxe Reverb ya 1965 ikiharibika leo, fundi mwenye chuma cha kulehemu na subira ataifufua, kwa kuwa vipuri vyake ni vikubwa, vinaonekana kwa macho, na ndani ya sanduku Fender walibandika karatasi inayoonyesha kila valvu na mahali pake. Kisanduku cha kidijitali kikifa, mara nyingi kimekufa. Vijenzi vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele, programu yake imefungwa, na kampuni ikiacha kuitunza hakuna fundi wa mtaani atakayeingia. Watu waliotumia miaka kuhifadhi kwa uangalifu jinsi volteji ya GZ34 inavyoshuka wameiweka kazi hiyo ndani ya chombo kisichoweza kufunguliwa. Programu huria kama ya Atkinson zinaonyesha upande mwingine, kwani tabia ya amplifaya iliyonaswa hubaki kwenye faili linaloweza kuhamishwa hadi chombo kingine, cha kwanza kikizimika. Waundaji wakubwa wanaweza kwenda mbali zaidi: kuuza vipuri, kuchapisha michoro ya saketi, kuachia programu za visanduku walivyoacha kuviuza, na kubandika ndani ya kila kimoja karatasi inayomwonyesha fundi wa kesho kila kitu kiko wapi.