"Mafuta ya Breki": Istilahi Inayostahili Kusahihishwa

Katika safu hii tunapenda kuijadili istilahi moja ambayo wafasiri wengi huitumia bila kuitilia shaka, nayo ni mafuta ya breki. Mtu wa Shinyanga au Geita anayefufua pikapu kuukuu uani kwake, ili imfikishe machimboni na kumrudisha kila siku, hushughulika na mafuta ya namna nyingi: petroli au dizeli ya kuendeshea injini, oili ya kuilainisha, na grisi ya beringi. Yote hayo kwa kawaida hutokana na mafuta ghafi. Kimiminika cha breki za magari mengi sivyo kilivyo, kwani msingi wake ni glaikoli. Mwenye gari akipotoshwa na neno mafuta, akamimina oili katika chupa ya breki, mipira ya silinda itavimba, na breki zaweza kukataa kushika.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaodai kwamba istilahi hiyo yatosha kwa kuwa imekwisha kuzoeleka. Mazoea ni hoja nzito, lakini usalama ni hoja nzito zaidi. Wala hatupendekezi maji ya breki, kwani maji nayo ni adui: unyevu wa hewani ukiingia humo hushusha kiwango cha mchemko na kuleta kutu. Mafundi husema breki fluidi. Neno hilo ni la mkopo, lakini halimdanganyi mtu. Tunapendekeza kimiminika cha breki kitumike katika vitabu na hati za serikali, na fluidi ya breki ikubaliwe kuwa kisawe chake. Wasomaji wa Kahama, Geita na kwingineko watuletee maoni yao.