Rosa na Mkuu wa Chuo

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Vijana ninaobishana nao kwenye feri ya Likoni wote wana neno moja: Rosa malaya. Haya, na mkuu wa chuo cha ualimu je? Mwenye ofisi na mwanafunzi wake, na anayehukumiwa ni mwanafunzi! Kezilahabi naye hamhurumii, Rosa anajiua. Lawama nyingi anabebeshwa Zakaria, babake, kwa ukali wa malezi. Ile ofisi wasomaji twaipita tu.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya, 2006, kinataka mwenye mamlaka awe amesumbua mara kwa mara. Mara moja haitoshi. Sasa anayehesabu ni nani, na alama za mtihani anazo nani?