Maji Ugenini

Mpiga udi akilegeza uzi, sauti hushuka. Hahitaji kuutazama, sikio limekwisha kumwambia. Ndivyo afanyavyo mkemia anayechunguza maji kwa mionzi ya infraredi. Haioni molekuli ikishikwa na jirani yake, ila husikia sauti yake imeshuka, na kwa kushuka huko hujua imeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Katika kazi zote za maabara, sijaona inayonigusa kuliko hii.

Bondi mbili za molekuli ya maji, kati ya oksijeni na hidrojeni, hutetema mchana na usiku, na kila mtetemo hunyonya miale inayolingana nao. Katika mvuke, molekuli zikiwa zimetengana, mitetemo ya kurefuka na kufupika kwa bondi hizo husikika kwenye 3657 na 3756, kwa hesabu ya mawimbi katika sentimita moja. Lakini oksijeni ya jirani ikiivuta hidrojeni, bondi ya asili hulegea na sauti huteremka. Mvuto huo ndio bondi ya hidrojeni. Ni dhaifu, na katika maji huvunjika na kuungwa upya kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za trilioni za sekunde. Hata hivyo ndiyo inayoyafanya maji yawe kimiminika badala ya gesi, na barafu ielee.

Katika glasi ya maji, kila molekuli imeshikana na majirani kadhaa, na sauti zote huchanganyika kwenye grafu kuwa mkanda mmoja mpana, kitovu chake karibu na 3400. Ni kelele za soko, humtambui msemaji. Basi mkemia, fundi wa kazi hii, huitoa molekuli sokoni akaipeleka ugenini. Huyeyusha maji machache mno katika karboni tetrakloridi, mwenyeji asiyeshika mgeni mkono, na mkanda ule hugeuka vilele viwili vyembamba, karibu 3616 na 3708. Katika asetonitrili, nitrojeni humpokea mgeni, na vilele hushuka hadi karibu 3540 na 3630. Katika dimethili sulfoksidi, oksijeni humng'ang'ania, na sauti huteremka zaidi. Mwaka 1937 Richard Badger na Simon Bauer waliuhusisha mteremko huo na nguvu ya bondi ya hidrojeni yenyewe: kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo mshiko ulivyo imara.

Kinachonivutia zaidi ni molekuli iliyoshikwa mkono mmoja tu. Tia mpokeaji kidogo ndani ya karboni tetrakloridi, nawe utaona bondi moja ikiimba juu, huru, na nyingine chini, kwa kilele kipana. Molekuli ni ile ile, hali mbili, na zote zimeandikwa kwenye mstari mmoja wa grafu.

Kuupata mstari huo ni kazi ya subira. Madirisha ya chumvi ya kichupa cha sampuli, yanayotumiwa kwa vimiminika vingine, huyeyuka kwa maji, kwa hiyo fundi huchagua kalsiamu floridi. Maji matupu huhitaji utando wa mikromita chache, la sivyo hunyonya miale yote. Lakini katika karboni tetrakloridi maji huyeyuka kidogo sana, hivyo miale sharti ipite umbali mrefu zaidi. Kiyeyushi hukaushwa kwanza. Hewa ya ndani ya mashine hufukuzwa kwa nitrojeni kavu, maana unyevu wake huchomoza kwenye grafu kama miiba ya nungunungu. Hata pumzi ya fundi ni maji.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii. Kabla ya kuyasikiliza maji aliyoyatia, fundi lazima ayaondoe yote asiyoyatia, yakiwamo yaliyotoka kifuani mwake. Hufunga kifuniko, hurudi nyuma, husubiri miiba izame mmoja mmoja mpaka mstari unyooke. Ndipo hutia tone, na mgeni husema mwenyewe.