Lahani na Maneno

Nilikuwa na umri wa miaka 15 nilipomsikia mara ya kwanza Juma Bhalo akiimba taarabu arusini, Mji wa Kale, Mombasa. Nikaitambua lahani ya filamu ya Kihindi, nikambeza kuwa ni mwigaji. Shangazi akaniuliza, "Na maneno je, mwanangu, umeyasikia?" Sikuyasikia, nikatahayari. Nilipotega sikio nikakuta shairi la Kimvita, lenye vina na mizani. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* ya 1971. Lahani tamu ya kuazima huweza kulifunika shairi; hiyo ndiyo hatari yake. Bhalo alifariki 2014, lakini nyimbo zake zingalipo. Yapime maneno yake kabla hujatoa hukumu.